Daraja Halikuanguka

Kalemie, Jumatano asubuhi

Mama yangu mupendwa,

Bahasha hii ina barua mbili. Ile yenye muhuri wa komite iache kwanza. Iweke chini ya Biblia, kisha ukae kwenye kile kiti chako kifupi cha jikoni usome hii. Zote mbili nimeziandika mimi, lakini kwa ile ingine nimetoa tu mukono, maneno ni ya muntu mwingine. Usiifungue mbele ya kumaliza hii, nakuomba.

Sasa jambo sana, Mama. Jambo kwa nyumba nzima. Munalalaje na baridi ya huko juu? Hata huku chini upepo wa ziwa asubuhi unakata masikio, basi najua Marungu kumekuwa namna gani. Magoti ya Bibi yanasemaje? Mwambie avae zile soksi za Papa na asione haya, hakuna anayemutazama miguu tena. Na maharage, mumeshavuna yote ao yale ya bondeni yangali shambani?

Mimi niko muzima. Mitihani imeisha, tunangojea proklamasio, siku ya kusomewa matokeo, na sina wasiwasi isipokuwa hesabu. Mama Mukubwa anakusalimu sana. Anaanika samaki zake za ziwa, ndagala, hapa uani na ananipigia kelele nikuandikie kwamba mwaka huu ndagala ni ndogo kama kope za macho, na kwamba dada yake akiniuliza kama ninakula vizuri nijibu ndiyo. Ninakula vizuri, Mama.

Habari yenyewe ni hii: muhubiri anakuja kwetu Mulonde. Ndiyo, njo kweli. Tafuta pa kushika, kisha endelea kusoma, kwa sababu namna alivyopata kuja ni neno refu, na ndani yake kuna dhambi yangu moja ambayo lazima uisikie kwangu mbele ya kuisikia kwa wengine.

Unanijua. Mimi si muntu wa kusema. Mwaka wangu wa kwanza hapa, mwalimu wa Kifaransa aliamini trimestre nzima, miezi mitatu, kwamba nina ugonjwa wa koo, kwa sababu kila aliponiuliza swali nilimupelekea jibu kwenye karatasi. Jibu lilikuwa sawa, lakini lilikuwa karatasi. Njo hizo karatasi zilizonifanya sekretere. Papa Prezida, yule muzee anayeongoza komite ya safari za wahubiri hapa kanisani, alikuwa anatafuta muntu wa kuandikia wahubiri wa Kabalo na wa Lubumbashi kwa Kifaransa, na kuandikia vituo vya vijijini kwa Kiswahili, bila makosa na bila maneno mengi. Mama Mukubwa akamuambia, "Niko naye mumoja nyumbani. Makosa hana, na maneno hana kabisa." Nilikuwa na miaka kumi na ine.

Kazi niliipenda, sikufichi. Kila kiangazi muhubiri mumoja anazunguka vituo vyote mupaka milimani, na mbele ya muguu wake kufika lazima barua ifike. Atalala kwa nani. Nani atamubebea sanduku kutoka kwenye boti. Huyu hali kambale, yule anakoroma, basi musimulaze chumba kimoja na watoto wa shule. Nilikuwa naandika hayo yote kwa kalamu yangu ya biki ya bluu, halafu nanakili kila barua ndani ya kaye kubwa, daftari la komite, mustari kwa mustari, ili komite isisahau ilichoahidi. Sikuhitaji kufungua mudomo. Niliweza kumuhamisha muzee wa Mungu kutoka Kabalo mupaka Kirungu bila kusema neno moja kwa sauti.

Sasa nifike kwenye mwiba.

Unakumbuka kiangazi cha mwaka juzi. Papa Mwinjilisti alikuwa amekwenda Manono kuchimba, akakuachia funguo la kanisa kwa juma mbili, na juma mbili zake hazijaisha hadi leo. Ukaanza kufungua mulango Jumapili. Kwanza kufagia tu. Kisha kusoma zaburi, kwa kuwa watu walikuwa wameshakaa. Kisha kueleza ulichosoma, kwa kuwa walikuwa wanakutazama na hawaondoki. Mukaomba muhubiri. Komite ikakubali, nikawaandikia mimi: Alhamisi, saa sita, kwenye daraja.

Mukashuka. Papa na ngoma yake, wewe na waimbaji, Bibi kwenye kiti cha baiskeli amefungwa na kanga asianguke. Mukasimama juu ya lile daraja la miti ambapo watu wa Kirungu wanatupokeza muhubiri, wao wanaimba ng'ambo yao, sisi tunaitikia ng'ambo yetu, naye anavuka katikati ya nyimbo mbili. Mukasimama mupaka jua likaingia. Chakula mulichopika mukakirudisha juu ya mulima na vifuniko vyake. Juma mbili nyuma ya hapo mukapata barua: komite inasikitika sana, mutumishi wa Mungu alifika karibu lakini akarudi njiani, kwa sababu daraja lilikuwa limeanguka.

Ukajibu kwa mustari mumoja. Ninaujua kwa moyo, maana ni mimi niliyefungua bahasha. "Daraja hilo, sisi tulikuwa tumesimama juu yake."

Mama, ile barua ya daraja niliiandika mimi.

Papa Prezida alikuwa anatembea chumbani mikono nyuma, anasema, na mimi ninaandika. Alikuwa amesikia kwamba kule Mulonde kuna mwanamuke anaeleza Neno. Alisema, "Tukimupeleka muhubiri pale, itakuwa kama tumemuwekea yule mama mikono kichwani, kama muchungaji. Andika kwamba daraja limeanguka." Na mimi ninalijua daraja lile. Nililiangukia mara mbili nikiwa mutoto, na kapu la maharage kichwani. Papa alikuwa ameniandikia mwezi wa tano kwamba ameshabadilisha miti yake mine iliyooza. Nilijua limesimama, nikaandika limeanguka. Na si hilo tu. Nilisimamisha herufi zangu, ambazo siku zote zinalala, nikaziandika wima-wima kama za kitabu cha Kifaransa, ili usitambue mukono wa mutoto wako. Uongo ulikuwa wa Papa Prezida. Kuuficha mukono kulikuwa kwangu mwenyewe, hakuna aliyenituma.

Jibu lako liliposomwa kwenye komite, Papa Ilunga, yule naibu wa Papa Prezida, alicheka mupaka akakohoa. Papa Prezida akasema, "Tia kwenye faili." Nikatia. Miaka miwili nimekuwa nikikutumia salamu kwa mwandiko wa kulala na wewe unajibu "mutoto wangu mupenzi", na kila mara nilikuwa ninaona hizo herufi zilizosimama.

Mwaka jana hawakuwaandikia hata uongo. Waliacha tu. Na mwaka huu, mwezi wa pili, nilipokuwa nanakili sheria za komite kwa sababu panya walikula zile za zamani, nikajua kwa nini. Kuna sheria ambayo sidhani waliwahi kukuambia. Kituo kinachopitisha viangazi vitatu bila kutembelewa na muhubiri kinafutwa. Kanisa linafungwa, funguo linarudishwa hapa Kalemie, na ngoma inapewa kituo cha jirani. Hiki njo kiangazi cha tatu. Hawakuhitaji kukufukuza. Walihitaji tu kunyamaza mara moja zaidi, na kwa kunyamaza walikuwa na mimi, fundi wa hiyo kazi.

Katika mwezi uleule Papa Prezida alinipa kitabu kidogo cha Kifaransa nikigeuze Kiswahili kwa ajili ya watoto wa shule ya Jumapili. Kinasimulia wahubiri wa Ulaya wa karne ya kumi na nane, waliokuwa wanazunguka juu ya farasi, katika mvua, kijiji kwa kijiji. Nilicheka peke yangu, kwa maana shida zao zilikuwa zetu. Nani atamulaza mugeni, nani atapatia farasi majani, barua imechelewa na muhubiri amefika nyumba imefungwa. Na pale katikati kuna ukurasa juu ya mujane mumoja aliyekuwa anaandika hizo barua zote, anapanga nani aende wapi. Muhubiri akikawia, anawasomea watu Neno jikoni kwake. Wanaume wa wakati ule walimulalamikia. Yeye akaendelea kuandika, na akaendelea kusoma. Pembeni ya ukurasa ule Papa Prezida alikuwa ameweka alama ya kalamu nyekundu: ruka hapa.

Sikuruka, Mama. Niligeuza kila mustari. Nikamurudishia kaye, akapima uzito wake kwa mukono, akasema vizuri sana, na hakusoma. Watoto wamesoma. Kale katoto ka jirani yetu kameniuliza kama yule mujane alikuwa na kuku jikoni. Nikamuambia lazima.

Sasa Jumapili iliyopita. Ilikuwa siku ya kusoma vituo vya kiangazi. Wewe hujaona namna inavyofanywa hapa, nikueleze. Papa Ilunga anasimama mbele, anataja jina la kituo, kanisa lote linajibu Amina, na ngoma inapigwa mara moja. Na kituo kikishajibiwa Amina hakiondolewi tena, hata mawe yanyeshe, kwa sababu ni ahadi mbele ya meza ya Bwana. Papa Prezida mwenyewe anafundisha hivyo kila mwaka, kidole juu.

Siku ile Papa Ilunga aliinuka kwenda mbele, akakumbuka miwani, akaitafuta mufukoni, akaitafuta kwenye Biblia, akakaa tena kutafuta vizuri, na sisi wote tukasikia: kra. Mama Mukubwa akanong'ona kwenye benchi la wamama, na wewe unajua kunong'ona kwa dada yako kunafika barabarani: "Papa Ilunga amekalia macho yake."

Watu walikuwa wangali wanacheka Papa Prezida aliposema, "Sekretere asome. Mwandiko ni wake."

Miguu iliyosimama haikuwa yangu. Nilishika karatasi kwa mikono miwili. Vilikuwa vituo saba, vya kando ya ziwa kwanza, kisha Moba, kisha Kirungu mwisho. Jina la kwanza nililisema chini hata mupiga ngoma akaweka mukono kwenye sikio. La pili likatoka kidogo. Kufika la tano nilianza kusikia sauti yangu mwenyewe, na haikuwa mbaya. "Moba." Amina. Du. "Kirungu." Amina. Du.

Karatasi iliishia pale. Nakuambia kweli kama mbele ya Mungu, sikuwa nimepanga kitu. Nilitaka kukaa. Lakini kidole changu kilikuwa chini ya neno Kirungu, na chini ya kidole kulikuwa na nafasi nyeupe, upana wa mustari mumoja. Nikaona Bibi kwenye baiskeli, amefungwa na kanga. Nikasema, "Mulonde."

"Amina!" Kanisa lote. Du!

Walijibu kama unavyopokea sahani ya nane nyuma ya saba, bila kutazama. Na Amina iliyopita zote kwa urefu na kwa sauti ilitoka kwenye kiti cha mbele, kwa Papa Prezida. Miaka mingi ameijibu hivyo, kinywa kinajua kazi yake. Ninaona bado uso wake. Amina ilikuwa imeshatoka, naye anaitazama inakwenda, kama muntu aliyeachilia kuku sokoni.

Nilikaa. Lakini nilikuwa nimekwisha kusema.

Jana waliniita. Chumba cha komite, Papa Prezida mezani, Papa Ilunga na jicho moja la miwani lililofungwa na uzi, na kwenye kona muhubiri wa mwaka huu, Papa Kisimba, muzee kutoka Kabalo aliyefika na treni Jumatatu. Alikuwa anamenya karanga polepole, maganda anayatia kwenye kofia yake.

"Nani alikutuma?" Papa Prezida akauliza.

Nilitazama meza.

"Ninauliza, binti. Nani alikutuma kusema lile jina?"

Sauti ikatoka mulangoni. Mama Mukubwa hakuitwa, lakini alikuja, na beseni lake la ndagala kichwani. "Papa Prezida, jina alisema yeye. Amina ulisema wewe. Nilikusikia kwa masikio haya mawili."

"Mama, hapa ni mukutano wa komite."

"Najua. Nimesimama mulangoni. Mulango si komite."

Papa Prezida akafuta uso. "Amina ile ilikuwa ya mazoea tu."

Papa Kisimba akainua kichwa kutoka kwenye karanga. "Samahani, Papa. Mimi ni mugeni. Huku munazo Amina za namna ngapi?"

Papa Ilunga alianza kukohoa ile kohoa yake. Papa Prezida akamugeukia muhubiri kwa heshima, akamuambia kwamba mutoto hajui, kwamba njia ya kule ni mbaya sana, mulima, matope, na kwamba lile daraja ...

"Daraja halikuanguka," nikasema.

Mama, sijui nikuelezeje. Lilitoka lenyewe. Wote wakanitazama, na safari hii sikutazama meza. Nikasema, "Barua iliyosema limeanguka niliandika mimi, hapa, kwenye kiti hiki, na nilijua ni uongo. Iko ndani ya kaye." Nikafungua kaye, nikasoma nakala kwa sauti kutoka juu mupaka chini, na tarehe yake. Kisha nikatoa kwenye faili jibu lako, nikalisoma nalo. Ni fupi, unajua. Papa Kisimba aliacha kumenya.

"Pale kuna mwanamuke amesimama mahali pa muchungaji!" Papa Prezida akapiga meza. "Hilo njo neno lenyewe. Daraja ni kitu gani! Mwanamuke hana ruhusa, hana karatasi, anasimama mahali pa muntu!"

Nikamujibu, "Hakusimama mahali pa muntu, Papa. Mahali palikuwa wazi. Mwenyewe yuko Manono anachimba." Na kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza na sikujua namna ya kuacha, nikaongeza: "Na ule ukurasa wa mujane ulioniambia niuruke, sikuuruka. Watoto wote wameusoma."

Mama Mukubwa akashusha beseni chini. Nilimusikia anasema, "Eee, Yezu." Mimi mwenyewe nilitaka kusema hivyo.

Papa Kisimba akauliza neno moja tu. "Kanisa hilo, miaka hii yote, Jumapili linafunguliwa?" Nikasema kila Jumapili, hata ile ya mafua, watu watano. Akatikisa kofia, maganda yakalia. "Kwetu, upande wa Kabalo, nimepita vituo viwili ambavyo mwinjilisti wao alikwenda machimboni. Kimoja ni nyumba ya mbuzi. Kingine paa limeuzwa. Nitakwenda Mulonde. Nataka kuona lile ambalo halikufungwa."

Basi Papa Prezida hakuweza kuizuia Amina. Lakini alitaka kuipunguza. Njo hapo ilipozaliwa barua ya pili. Akaniamuru nikae niandike masharti yake. Usishtuke utakapoyasoma. Kwamba siku ya muhubiri ukae benchi la nyuma na usifungue kinywa. Kwamba funguo umukabidhi muhubiri mbele ya watu. Kwamba kutoka siku ile mungojee mwanaume atakayetumwa, na mupaka atumwe kanisa lisifunguliwe.

Utaniuliza kwa nini niliandika. Niliandika kwa sababu nisingeandika, angeandika Papa Ilunga bila miwani, na nilitaka uone kwa macho yako kile walichotaka kukufanyia. Na safari hii sikusimamisha herufi hata moja. Ni mwandiko wangu wa kulala, uleule wa "salimu Bibi". Nilipofika chini, Papa Prezida akasema, "Tia: kwa jina la komite, sekretere, na saini yako." Nikaweka biki mezani.

"Saini."

"Hapana, Papa."

"Wewe ni sekretere."

"Maneno haya ni yako. Weka saini yako."

Aliningoja. Nilikuwa sijawahi kungojewa na muntu mukubwa namna ile. Sikuchukua biki. Mwishowe aliichukua yeye, akatia saini, na utaiona, imepindapinda kwa hasira. Akasema, "Basi wewe si sekretere tena." Akaipigia barua muhuri, akanisukumia niitume, kisha akavuta muhuri na kaye upande wake. Biki nikamuomba anirudishie. Ni yangu, niliinunua mimi. Njo hii ninayokuandikia.

Mama, ulinifundisha nisijibizane na wakubwa. Nimejibizana nao, mbele ya mugeni, na nimeharibu jina la Mama Mukubwa kwenye komite, ingawa yeye tangu jana anawasimulia wanunuzi wake wote na anapima ndagala kwa mukono mukubwa. Papa Prezida amesema nitarudishiwa kazi nikisimama Jumapili niombe musamaha kwa ajili ya lile jina. Sitasimama. Kwa lile jina sina cha kuomba. Hata wewe ukiniandikia niombe, nitakuheshimu, nitapika, nitafua, na sitaomba. Nina dhambi moja tu, na nimeshaikiri kwa mwenyewe aliyekosewa. Niliwaambia watu waliosimama juu ya daraja kwamba daraja limeanguka, nikaficha mukono wangu. Kwa hiyo nisamehe, Mama. Musomee na Papa, maana ile miti mine aliibadilisha yeye.

Kuhusu masharti, sikuamrishi. Wewe ni mama. Lakini umeniuliza kila mara ninafikiri nini na mimi nakaa kimya, basi leo nitasema. Kukaa nyuma, nyuma ya nini? Kanisa letu lina mabenchi mane. Na funguo usilitoe. Papa Kisimba hakuomba funguo. Nilipomusindikiza nje jana alisema hajui kufungua makanisa ya watu, anajua kubatiza. Kama ukilitoa, litatoka mukononi mwako kwa hiari yako, si kwa mwandiko wangu. Hilo tu ninalolitaka lijulikane.

Sasa mambo ya kupanga, maana hata bila muhuri ninajua kazi yangu. Atafika darajani Alhamisi ya mwisho ya mwezi wa saba, saa sita, na watu wa Kirungu. Ni muzee, kifua chake hakipendi baridi: mutafutieni blanketi mbili na maji ya moto ya kuoga, ya moto kweli. Kambale anakula. Karanga anakula mupaka utashangaa. Asilale kwa Papa Mwinjilisti, ile nyumba paa linavuja. Alale kwetu, chumba changu. Andika majina ya watoto wote wa kubatizwa, na jina la mama na la baba, kwa herufi kubwa, kwa sababu naye macho yake si ya jana. Wale wanaongoja kufunga ndoa wajitayarishe pamoja, siku moja. Mukate na divai ya Meza anabeba mwenyewe. Bibi awekwe mbele, karibu, ili sahani ya mukate isihitaji kumufuata nyuma. Yeye amengoja kuliko wote.

Nisalimie Papa, na aikaze ngozi ya ngoma mapema, baridi inailegeza. Nisalimie Bibi na magoti yake. Nisalimie kadogo kangu, na asiguse madaftari yangu yaliyo chini ya kitanda. Salimu sana dada ya Papa, umuombe blanketi ile ya pili, asikatae, anayo. Usimusahau mama watoto wa Papa Mwinjilisti, aliyebaki peke yake na shamba. Mwambie habari za Manono zikifika hapa nitamuletea.

Nitazileta mwenyewe, kwa maana ninakuja. Nyuma ya proklamasio shule inafungwa, na Papa Kisimba amesema muntu aliyekwisha kuandika njia zote za milima hii lazima siku moja azitembee. Nitamubebea sanduku kutoka Moba. Barua hii inatangulia na mama mumoja muuza maharage anayepanda boti kesho, mimi nitaifuata na muhubiri.

Kwa hiyo siku ile nitakuwa ng'ambo ya Kirungu, na munajua mutindo: ng'ambo ile njo inaanza wimbo, yenu inaitikia. Hamujawahi kunisikia nikiimba, hata nyumbani. Mukisikia sauti ndogo imeanza kabla ya ngoma yao, musingoje kuona ni nani. Simameni juu ya daraja, katikati kabisa, na muitikie.

Ni mimi mutoto wako, mwandiko wa kulala,

Riziki